Moshono na Maji ya Meru: Nani Msimamizi wa Ardhi ya Mlima Ndani ya Jiji?

Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, ndio uliozaa ardhi yote ambayo jiji la Arusha limejengwa juu yake, na mtu atakaye kuifahamu Moshono, kata iliyoko upande wa mashariki wa kitovu cha jiji hilo, hana budi kuanza na mlima ndipo ateremke kwa watu. Udongo unaolisha migomba ya Moshono ni majivu ya volkano yaliyolainika kwa karne nyingi. Moramu inayochimbwa huko kwa ajili ya barabara na misingi ya nyumba ilitoka katika tumbo la mlima huo huo, ambao mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Na mvua iangukayo juu ya msitu wake ndiyo iliyochonga makorongo yote ambayo leo nyumba zimejipanga kingoni mwake. Mito ya ubavu wa kusini, yaani Themi, Naura, Burka, Kijenge, Nduruma na mingineyo, hupita ndani ya jiji au kando yake, na maji yake hukusanyika katika mto Kikuletwa, ambao huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kisha maji hayo hayo, yakiwa sasa yanaitwa mto Pangani, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, na mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani, bandari ya kale ya misafara ambako Abushiri bin Salim aliwapinga Wajerumani mwaka 1888. Kwa hiyo mtu wa Moshono na mvuvi wa Pangani, ambao huenda wasionane maisha yao yote, ni majirani kwa hukumu ya maji.

Ujirani wa namna hii ndio ulioshughulisha fikra za kundi la waandishi na wataalamu wa Marekani katika miaka ya 1970, na maarufu miongoni mwao walikuwa Peter Berg na Raymond Dasmann, walioandika mwaka 1977 kwamba mipaka ya maisha ya watu yafaa ifuate mipaka ya maji, udongo, mimea na wanyama, wala isifuate mistari iliyopigwa na wapima ardhi wa serikali. Na kwamba mkazi wa mahali, hata akiwa mgeni wa jana, ana wajibu wa kujifunza kuishi hapo kama mwenyeji na kuiponya nchi iliyojeruhiwa. Nchi kama hiyo, ambayo maji na udongo ndivyo vilivyochora mipaka yake, nitaiita jimbo la maumbile. Ni maoni mazuri, nami nayaheshimu, walakini yalizaliwa katika bara ambalo wenyeji wake wa asili walikuwa wamekwisha kufukuzwa katika sehemu kubwa ya ardhi yao, na wale waliotaka kuwa wenyeji wapya iliwapasa kwanza kuuliza wenyeji wa kale wamekwenda wapi. Katika Meru suala lina sura nyingine. Wenyeji wapo. Wanaishi katika mashamba yaliyokatwakatwa kuwa viwanja, wanajua majina ya vijito vyote, na kilichowatoka ni mamlaka juu ya ardhi, ilhali elimu ya ardhi hiyo wangali nayo. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba kuiponya nchi ya Moshono ni jambo la mamlaka kabla ya kuwa jambo la miche.

Waarusha, wasemao Kimaasai lakini waliochagua jembe na mgomba, walipanda kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830 na kutua katika miteremko ya kusini magharibi, wakiwakuta Wameru waliotangulia upande wa mashariki kwa zaidi ya karne moja. Mataifa haya mawili yalijenga juu ya mlima ule mfumo wa kilimo ambao hata leo mabaki yake yaonekana: migomba juu, maharage na magimbi chini ya kivuli chake, kahawa ilipokuja ikapata nafasi, na miti mirefu ya asili, kama vile mringaringa na mruka, ikaachwa isimame katikati ya shamba kwa ajili ya mizinga, kivuli na rutuba. Maji yaliletwa kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono, ikifuata mteremko kwa ustadi ambao mhandisi wa leo angeutazama kwa taadhima. Kila mfereji ulikuwa na wenyewe waliouchimba na kuusafisha pamoja, wakawa na zamu za maji, na mtu aliyefungulia maji siku isiyo yake au aliyekosa kufika siku ya kuzibua alitozwa faini na wazee. Waarusha walikuwa na marika yao na viongozi wao waitwao laigwanani. Wameru walikuwa na koo na washili wake. Mti wa oreteti, ambao ni jamaa ya mkuyu, ulikuwa mahali pa sala na upatanisho, na kwa sababu hiyo haukuguswa na shoka. Katika mpango huo hifadhi ya maji, ibada na sheria vilikuwa jambo moja, na mtu hakuweza kuharibu kimoja pasipo kuulizwa na vingine viwili.

Nasema haya bila kutaka kupaka rangi enzi zilizopita. Mabaraza yale yalikuwa ya wanaume, na mwanamke, ambaye ndiye aliyeteka maji na kuyabeba kichwani, hakuwa na sauti katika kuyagawa. Jambo hili nitalirudia, kwa kuwa lina uzito katika hukumu ya mwisho.

Mpango huo haukufa wenyewe, ulibanwa. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, na majeshi ya Kijerumani chini ya Kurt Johannes yakaja kulipiza kisasi mara kwa mara, yakichoma migomba na kuteka mifugo. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa pamoja na Mangi Meli wa Moshi na wakubwa wengine, na katika muda huo huo boma la Arusha lilijengwa kwa kazi ya lazima ya watu walioshindwa. Baada ya hapo Wajerumani waliutenga msitu wa juu uwe mali ya serikali, na ardhi ya chini wakaigawa kwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini, hata wenyeji wakajikuta katikati: juu yao msitu wasioruhusiwa kuingia, chini yao mashamba ya kahawa na katani yaliyozungushwa ua. Ng'ombe hawakuwa tena na njia ya kwenda malishoni tambarare, na vijana waliooa hawakuwa na pahali pa kwenda isipokuwa kugawana shamba la baba. Mtu atazamaye leo vile viwanja vya Moshono vyenye upana wa nyumba na choo tu, akidhani kwamba ufinyu huo umeletwa na tamaa ya madalali peke yake, amesahau kwamba ugawaji ulianza kwa dhiki hiyo zaidi ya karne moja iliyopita.

Waingereza nao waliongeza jeraha. Kwa kufuata mapendekezo ya tume ya Jaji Wilson, mwezi wa Novemba 1951 serikali iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao, ili ardhi ile iwe ya wafugaji wa Kizungu, na ikawaelekeza Kingori, nchi ya joto na ya maradhi ya mifugo. Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, alisafiri hata New York mwaka 1952 akasema mbele ya Umoja wa Mataifa, na ijapokuwa Baraza Kuu halikupata kura za kutosha za kupitisha azimio, sauti ile ilitangulia TANU kwa miaka miwili na ikaifundisha Tanganyika kwamba shauri la ardhi ya mlima mmoja laweza kuwa shauri la taifa zima. Kila asemaye leo juu ya kuhifadhi mazingira ya Meru yampasa ajue kwamba katika masikio ya wazee wa mlima huo neno hifadhi limewahi kuja pamoja na moto na malori.

Uhuru uliirudisha heshima ya watu, na vijiji vikapata sheria zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ukapewa sauti katika kuigawa; pungufu nyingi ilikuwa nazo, lakini angalau palikuwa na mlango wa kubisha. Ndipo jiji likapanuka. Idadi ya watu wa Jiji la Arusha ilikuwa 416,442 katika sensa ya mwaka 2012, na ikafika 617,631 katika sensa ya mwaka 2022. Moshono, ambayo zamani ilikuwa mashamba, imekwisha kuwa mitaa. Sasa kijiji kikimezwa na jiji, halmashauri yake hukoma. Mtaa unaochukua nafasi yake una mwenyekiti na muhuri, lakini hauna mamlaka ya kugawa wala ya kuzuia ardhi, kwa maana hayo yamekwenda kwa mamlaka ya jiji na kwa Kamishna wa Ardhi. Shamba la mtu binafsi hupata mnunuzi. Njia ya ng'ombe, ukingo wa kijito, kisima cha ukoo na kichaka cha oreteti, ambavyo havikuwa vya mtu mmoja, hubaki bila mtetezi, na kitu kisicho na mtetezi katika soko la viwanja hakidumu mwaka. Naona hapa ndipo kiini cha uharibifu wote. Wataalamu wengi husema sana juu ya ongezeko la watu, nao hawakosei. Lakini watu wengi wangeweza kuishi juu ya mteremko ule bila kuziba makorongo, lau pangekuwapo mtu mwenye haki ya kusema hapana na akasikilizwa.

Matokeo yake yameandikwa kwa misiba. Mwanzoni mwa Aprili 2013, baada ya mvua, kuta za machimbo ya moramu ya Moshono ziliporomoka juu ya wachimbaji na wapakiaji, na zaidi ya watu kumi wakafa chini ya kifusi kile ambacho kilikuwa kinakwenda kujenga mji. Aprili 2024 katika kata ya Sinoni gari la shule lilisombwa na mafuriko katika korongo, na watoto waliokuwa wanakwenda kusoma wakapoteza maisha. Hatuna haki ya kuyaita mambo haya ajali za mbinguni. Kilima kilichochimbwa wima bila ngazi huporomoka, na korongo lililobanwa kwa nyumba, taka na karavati nyembamba hutafuta njia yake siku ya masika, kwa kuwa maji ya Meru hayakupungua kwa sababu sisi tumeongezeka.

Maji ya kunywa nayo yana kisa chake. Mawe ya Meru huyeyusha floridi katika chemchemi, na ilhali kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, ziko chemchemi za mlima huo zinazopita miligramu 10. Ndiyo sababu ya meno ya rangi ya kahawia ambayo watu wa Arusha hujulikana nayo nchi nzima, na ya mifupa iliyopinda ya watoto katika vijiji vya upande wa Maji ya Chai. Katika kituo cha Ngurdoto watafiti walijaribu kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, na katika Taasisi ya Nelson Mandela huko Tengeru Askwar Hilonga alibuni chujio lake lililopata sifa nje ya nchi. Hata hivyo njia kubwa iliyochaguliwa na serikali ilikuwa nyingine: mradi wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliochimba visima mbali na jiji, hata upande wa Wilaya ya Hai, na kuyavuta maji hayo kwa mabomba mpaka Arusha. Simlaumu mama aliyepata maji safi bombani. Haki yake ilikuwa imechelewa. Lakini jiji linalokunywa maji ya jirani yake hulegea katika kuvitunza vijito vyake lenyewe, na naogopa kwamba Themi na Kijenge, zikiisha kuonekana hazina kazi katika kikombe cha mtu, zitahesabiwa kuwa mifereji ya majitaka tu.

Yapo mambo ambayo Tanzania imekwisha kuyatenda na ambayo wale waandishi wa Marekani waliyatamani kwa maneno. Nchi yetu imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ndiyo ya kwanza kati ya bodi hizo. Eneo lake hufuata maji kutoka Meru, Kilimanjaro, Upare na Usambara mpaka baharini, likavuka mipaka ya mikoa, na sehemu ya bonde lenyewe imo Kenya. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inaruhusu watu wa kijito kimoja waunde jumuiya ya watumia maji, wawe na katiba yao na uwezo wa kutatua ugomvi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Jimbo la maumbile, basi, limo katika vitabu vyetu vya sheria. Kasoro ni kwamba ofisi ya bonde hutoa vibali vya maji na kukusanya ada, ilhali ofisi ya jiji hupima viwanja, na mpimaji wa viwanja hafungwi na ramani ya mwenye maji. Hivyo mita 60 hukumbukwa baada ya nyumba kupauliwa, wakati wa kuchora alama nyekundu ukutani, ambapo maskini aliyeuziwa hulia na aliyemuuzia amekwisha kwenda zake.

Katika kuponya nchi kwenyewe, ambako wengi hukuona ni kupanda miti tu, pana mafunzo yaliyo karibu nasi kuliko tunavyodhani. Huko Shinyanga, nchi iliyokuwa imekaushwa na kuitwa jangwa, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliacha njia ya kuleta miche ya kigeni ukafufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho ipumzike, na kwa desturi hiyo mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa na miti, hata mradi ukapewa tuzo ya kimataifa mwaka 2002. Huko Dodoma wakulima wameifuata njia ya kisiki hai, yaani kukipogoa na kukilinda kisiki chenye mizizi mpaka kiwe mti. Jijini Nairobi msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000, uliokolewa katika mikono ya wanyakuzi kwa ujasiri wa Wangari Maathai, aliyepigwa hapo mwaka 1999, na leo miti ya asili inarudishwa pole pole mahali pa mikaratusi. Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo, kwa kuwa ziwa Duluti pale Tengeru, lililozungukwa na mabanda, masoko na mashamba pande zote, bado lina ukanda wake wa msitu wa asili, ushahidi kwamba msitu na mji vyaweza kukaa mlango kwa mlango pakiwapo mlinzi.

Kwa Moshono natoa hukumu kwamba mkaratusi usipandwe tena katika kingo za vijito, ijapokuwa hukua upesi na nguzo zake huuzika, kwa maana kiu yake ni kubwa. Na mgrivea na jakaranda, miti ya kupendeza ambayo nayo ni migeni, ibaki barabarani na mipakani mwa mashamba. Kingoni irudi mikuyu, mringaringa, misesewe na mruka, na pale yalipobaki mashina yaachwe yachipue. Machimbo yaliyokwisha yakatwe ngazi, yajazwe udongo na kupandwa nyasi kabla ya kutolewa kibali cha machimbo mapya. Kazi hizi hazina siri ya kitaalamu. Mwanafunzi wa Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, kilichoko upande wa pili wa jiji, angeweza kuzipanga kwa juma moja, na vijana wa mtaa wangeweza kuzitenda kwa ujira wa haki.

Lakini miche ya nani, na nani atawafukuza mbuzi? Hapa suala la urithi wa wenyeji hurudi kwa nguvu zake zote. Dola yetu, kama dola nyingi za Afrika, husema kwamba Watanzania wote ni wenyeji, na katika jambo la uraia ni kweli tupu. Hata hivyo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako papo hapo Arusha, ilihukumu tarehe 26 Mei 2017 kwamba Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya ni watu wa asili wa msitu ule, na kwamba Serikali ya Kenya haikuweza kuwatoa kwa hoja ya kuhifadhi msitu. Na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Waarusha si Waogiek, nao wamo katika vyeo, biashara na siasa za mkoa wao. Lakini insafu iliyomo katika hukumu ile, ya kwamba watu waliolinda mahali wana haki ya kuendelea kupalinda, haikomi penye msitu wa Mau.

Najua shaka itakayoletwa. Moshono ya leo ina Wachaga, Wapare, Warangi, Wanyaturu na watu wa mwambao waliojenga kwa jasho lao, na mamlaka ya laigwanani juu ya kijito yaweza kuonekana kuwa ubaguzi wa kabila. Shaka hii ni ya haki, na jawabu lake ni kutenganisha elimu na damu. Mzee wa Kiarusha ajuaye korongo lilipokuwa kabla ya kuzibwa awe na kiti katika jumuiya ya watumia maji kwa sababu ya elimu hiyo. Mama wa Kipare auzaye mboga zilizomwagiliwa kwa maji ya kijito awe na kiti cha pili kwa sababu ndiye atakayepata hasara ya kwanza kikichafuka. Na nusu ya viti viwe vya wanawake, ili kosa la mabaraza ya zamani lisirithiwe pamoja na hekima yake. Jumuiya hiyo iandikishwe kwa sheria ya mwaka 2009, na mpimaji wa jiji asipime kiwanja chochote kinachogusa kijito bila saini yake.

Ardhi yenyewe ya kingo nayo ipewe hadhi ambayo soko halitaiweza. Watu wa pwani wanaijua wakfu, mali isiyouzwa, isiyotolewa zawadi wala kurithiwa na mtu, ambayo faida yake huwaendea waliokusudiwa kizazi baada ya kizazi, na ambayo msimamizi wake huulizwa habari za usimamizi wake. Hali ya oreteti ilikaribia hiyo hata pasipokuwa na jina hilo. Sheria za ardhi zetu zina nafasi ya kutenga ardhi ya hatari na ya hifadhi, na Halmashauri ya Jiji ya Arusha ina wapimaji na ramani. Vipande vilivyobaki wazi kando ya vijito vya Moshono vinapungua kila masika, na bei yake inapanda. Naiomba Halmashauri, Bodi ya Bonde la Pangani na wazee wa Moshono wakae meza moja, wapige mawe ya mipaka ya kingo hizo kabla ya kiwanja kingine kuuzwa, na wakabidhi kingo hizo kwa watu wa kijito chenyewe kwa hati isiyouzika.